MTOTO ASOMEAYE NYUMBANI NA ELIMU YA FIZIKIA
Namna ya kuchagua masomo, vitabu na mtihani

Miongoni mwa neema kubwa alizotuneemesha Mwenyezi Mungu ni akili, na shukrani ya akili ni kuitumia katika yale yenye manufaa. Qur'ani Tukufu yatuhimiza mara nyingi tuzitazame mbingu na ardhi, usiku na mchana, mvua na upepo, na tuzingatie. Elimu ya fizikia, yaani elimu ya mwendo, kani, joto, nuru, sauti, umeme na sumaku, ni moja katika njia za kutazama huko na kuzingatia. Kwa hiyo si elimu ngeni kwa Mwislamu, wala haipasi kuogopwa nyumbani mwake.

Katika zama hizi wako wazee wengi wa Kiislamu wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Wengine wako Uingereza, Marekani na Kanada. Wengine wako Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na nchi za Ghuba. Sababu zao ni mbalimbali. Kuna aliyemtoa mtoto shuleni miaka miwili au mitatu ili ahifadhi Qur'ani, kuna anayehofia tabia za mwanawe, kuna aliye mbali na shule njema au asiyeiweza karo yake, na kuna mwenye mtoto mgonjwa. Hatukusudii hapa kuhukumu baina ya shule na nyumba. Tunalokusudia ni kumsaidia yule ambaye amekwisha kuamua, naye sasa amefikia mahali pagumu.

Mahali penyewe ni hapa. Mtoto akiwa na miaka saba au kumi, mama amudu kumfundisha kusoma, kuandika na hesabu, na baba amudu dini na historia. Lakini afikapo miaka kumi na mitatu, mlangoni husimama fizikia. Wazazi hutazamana. Mmoja husema, "Mimi niliiacha tangu kidato cha pili." Basi somo huahirishwa mwaka mmoja, kisha wa pili, mpaka mwisho husemwa kwamba mtoto huyu si wa sayansi, na hasa akiwa ni binti. Huu ndio msiba tunaotaka kuuzuia. Mtoto hakujaribiwa hata akashindwa. Amefungiwa mlango kabla hajaugonga. Na nyuma ya mlango huo kuna uhandisi, urubani, ubaharia, na kwa wanafunzi wa Tanzania hata udaktari, kwa kuwa anayeutaka hutakiwa awe amefaulu fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita. Imam Ghazali katika Ihya aliihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa ni faradhi kifaya; umma wote ukiiacha, wote wapata dhambi. Je, tutawapata wapi matabibu na wahandisi wetu, iwapo nyumba zetu zinaifunga njia yao?

ANZENI NA MTIHANI WA MWISHO

Wazazi wengi huanza kwa kununua kitabu. Kitabu ni jambo la pili. La kwanza ni kujua mtoto atafanya mtihani gani, wapi, na mtihani huo utampeleka wapi. Msafiri hujua bandari aendayo kabla hajatweka tanga.

Tuchukue Uingereza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, kifungu cha 7, yamlazimu mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, shuleni au kwa njia nyingine. Hivyo kumsomesha nyumbani ni halali huko. Lakini serikali haimlipii mtoto wa nyumbani mtihani wake, na kituo cha kuufanyia ni juu ya mzazi kukitafuta. Jamaa nyingi huchagua mtihani wa International GCSE, kwa kuwa alama zake zaweza kupatikana zote kwa karatasi za kuandika, bila ya mwanafunzi kuhudhuria maabara ya shule.

Ule wa Edexcel una karatasi mbili: ya kwanza ni ya saa mbili na alama 110, na ya pili ni ya saa moja na robo na alama 70. Maswali ya majaribio huulizwa ndani ya karatasi hizo hizo. Ule wa Cambridge, wenye namba 0625, una karatasi tatu kwa kila mwanafunzi: maswali ya kuchagua jibu, maswali ya nadharia, na karatasi ya majaribio. Katika hiyo ya tatu kuna hiari: Karatasi ya 5 hufanywa kwa vyombo maabarani, na Karatasi ya 6 huandikwa tu badala ya majaribio. Anayesomea nyumbani yamfaa zaidi hiyo ya 6. Tena Cambridge ina daraja mbili za masomo. Anayechukua daraja ya chini hawezi kupata zaidi ya alama ya C, hata ajibu kila swali kwa usahihi. Mzazi asiyelijua hili aweza kumpunguzia mwanawe daraja bila kukusudia, siku ya kujaza fomu.

Baada ya hapo huja A Level, na hapa ndipo wengi hukwama. Katika A Level ya Uingereza kuna cheti cha majaribio ambacho hutolewa mbali na alama za mtihani. Mwanafunzi aweza kupata alama ya A bila cheti hicho, lakini baadhi ya idara za Vyuo Vikuu hukidai. Vituo vinavyowapokea watahiniwa wa kujitegemea kwa majaribio haya si vingi, na gharama yake si ndogo. Basi yafaa mzazi aulize mapema, mtoto angali na miaka kumi na minne, asingoje afike kumi na saba.

Marekani mambo ni mengine. Kila jimbo lina sheria yake, na nyumba yaweza kujichagulia mafunzo kwa upana. Upana huo una hatari yake, kwani mtoto aweza kusoma miaka minne asiwe na ushahidi wa kuuonyesha Chuo Kikuu. Ushahidi mmoja ujulikanao ni mitihani ya AP, ambayo mtoto wa nyumbani aweza kuifanya katika shule iliyokubali kumpokea. Lakini yajueni majina yake. AP Physics 1 hutumia aljebra, nayo ni ya mwendo, kani, nishati, mzunguko na vitu vimiminika; umeme haumo. Umeme, joto na nuru zimo katika AP Physics 2. Ama AP Physics C, hiyo hutumia kalkulasi, nayo ndiyo imfaayo zaidi anayetaka uhandisi. Kijana aliyemaliza Physics 1 akadhani amekwisha kuisoma fizikia yote, amesoma nusu yake.

Kwa walioko Afrika ya Mashariki, British Council imekuwa ikiwasajili watahiniwa wa kujitegemea wa mitihani ya Kiingereza katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam. Na Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wake wa watahiniwa wa kujitegemea, na Mtihani wa Maarifa, uitwao QT, kwa wale ambao hawakupitia shule ya sekondari. Popote mlipo, kiulizeni kituo mambo matatu kabla ya kununua chochote: je, mnampokea mtahiniwa asiye wa shule; je, karatasi ya majaribio hufanywaje kwake; na je, mwisho wa kujiandikisha ni lini? Majibu yaandikeni pamoja na tarehe. Kuuliza si ujinga.

HESABU NDIYO NGAZI

Mtoto akilia kwa fizikia, mara nyingi kinachomliza ni hesabu. Hajui kuigeuza kanuni. Amehifadhi kwamba nguvu ya umeme sukumizi ni mkondo mara ukinzani. Ukimwambia atafute ukinzani, hakuna alijualo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kozi, mpeni mambo manne: aigeuze kanuni hiyo, agawe namba kubwa kwa namba ndogo zilizoandikwa kwa vipeo vya kumi, achore mstari wa grafu na kueleza mwinuko wake, na abadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Akiyaweza yote manne, aanze. Akishindwa, mpeni miezi mitatu ya aljebra kwanza, wala msimwonee haya. Miezi hiyo haikupotea.

Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu ambaye aljebra yake bado changa aweza kuanza na fizikia ya maelezo, isiyo na kanuni nyingi. Kitabu cha Paul Hewitt kiitwacho Conceptual Physics, kilichotoka kwanza mwaka 1971, kilitungwa kwa njia hiyo, na nakala za zamani hupatikana kwa bei nafuu. Faida yake ni kwamba mtoto hujifunza kufikiri juu ya kani na nishati kabla ya kutishwa na hesabu. Upungufu wake ni kwamba peke yake hakimtoshi anayekwenda kwenye mtihani.

VITABU, NA VINAVYOPATIKANA BURE

Kitabu chema kina alama zake. Kwanza, kiwe kinalingana na muhtasari wa mtihani na mwaka wake, kwani mihtasari hubadilika, na kitabu cha miaka kumi nyuma chaweza kuwa na sura zisizotakiwa na kukosa zinazotakiwa. Pili, kiwe na mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, na majibu nyuma, kwa kuwa nyumbani hakuna mwalimu wa kusahihisha kila jioni. Tatu, kiwe na maswali mengi. Kitabu chenye picha nzuri na maswali matano kila sura ni cha kutazama tu. Nne, kieleze majaribio na namna ya kuyaandika.

Asiye na fedha asikate tamaa. Chuo Kikuu cha Rice, kilichoko Houston, chatoa vitabu vya OpenStax bure kwa njia ya intaneti. College Physics, kilichotoka mwaka 2012, hutumia aljebra. University Physics, chenye juzuu tatu, hutumia kalkulasi. Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder kina michezo ya majaribio iitwayo PhET, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nishani ya Nobel ya fizikia. Humo mtoto aweza kuunga waya na taa, au kulitupa jiwe katika mwezi, bila ya kuvunja chombo. Khan Academy ina masomo na mazoezi bure. Na mihadhara ya Richard Feynman, aliyoitoa California baina ya 1961 na 1963, yasomwa bure pia. Hiyo tunamwachia kijana aliyekwisha kupata msingi, maana hata wanafunzi wa Chuo Kikuu huiona nzito. Zaidi ya yote hayo, mitihani iliyopita na miongozo ya kuisahihishia ni hazina. Mtoto aifanye kwa saa, kisha mzazi asahihishe kwa mwongozo hata kama mwenyewe hajui fizikia.

Hapa yatubidi tutoe nasaha moja. Vitabu vingi vya elimu ya nyumbani viuzwavyo Marekani, kama vya Apologia, Abeka na BJU Press, vimetungwa na Wakristo kwa ajili ya watoto wa Kikristo, na jambo hilo hawalifichi. Baadhi yake vina mpango mzuri na majaribio mepesi ya nyumbani. Lakini ndani yake mna mafunzo ya dini yao yaliyochanganywa na somo. Mzazi Mwislamu akisome kitabu kabla hajamkabidhi mwanawe, aamue akijua. Na tuwe waadilifu: kitabu kilichoandikwa juu yake kwamba ni sayansi ya Kiislamu nacho kipimwe kwa mizani ile ile. Kama kimejaa aya na picha za misikiti, lakini hakina maswali ya kutosha wala hakimwezeshi mtoto kukokotoa kani, basi hakifundishi fizikia. Jina jema halimfaulishi mtu mtihani.

MAABARA YA NYUMBANI

Wazee wengi hudhani kwamba fizikia haiwezekani bila maabara. Na wakumbuke alivyofanya Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Cairo na kufariki yapata mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir hakutosheka na maneno ya waliomtangulia. Aliijaribu nuru kwa matundu, vioo na chumba cha giza. Jaribio hilo lawezekana nyumbani leo. Zibeni madirisha ya chumba mchana wa jua kali, acheni tundu dogo, na mbele ya tundu shikeni karatasi nyeupe. Mtaona picha ya nje, miti na nyumba, imepinduka juu chini. Kisha mwulizeni mtoto kwa nini imepinduka, wala msimjibu mpaka achore mwenyewe mistari ya nuru.

Jaribio la pili halitaki ila uzi, jiwe, rula na saa. Fungeni jiwe kwenye uzi, urefu wa mita moja kutoka pale ulipoangikwa mpaka katikati ya jiwe. Liacheni libembee kidogo kidogo, na mhesabu mara 20 za kwenda na kurudi. Mtapata kiasi cha sekunde 40, yaani sekunde mbili kwa kila mara moja. Mtoto azidishe urefu kwa 39.5, agawe kwa kipeo cha pili cha muda wa mara moja, naye atapata karibu 9.8, ambayo ndiyo kasi ya mvuto wa ardhi katika mita na sekunde. Mwambieni apunguze uzi uwe robo ya mita. Ataona muda umekuwa nusu, haukuwa robo. Kwa nini hupimwa mara 20, isipimwe moja? Kwa sababu kosa la kidole katika kuizuia saa hugawanyika kwa 20. Mtoto aliyelifahamu hili amepata jambo ambalo Karatasi ya 6 hupenda sana kuliuliza.

La tatu limo katika ibada yetu yenyewe. Simamisheni kijiti cha mita moja, mpime kivuli chake jua liwapo katikati ya mbingu. Mombasa, iliyo nyuzi nne kusini ya Ikweta, ziko siku katika Machi na Oktoba ambapo kivuli hicho karibu kitoweke kabisa. London, iliyo nyuzi 51 na nusu kaskazini, kivuli cha Juni huwa kiasi cha sentimita 53, na cha Desemba hufika mita 3.7. Nasi Mashafi twajua kwamba wakati wa Alasiri huingia kivuli kikizidi kile cha adhuhuri kwa urefu wa kitu chenyewe. Basi Desemba huko London Alasiri huingia kivuli kikiwa mita 4.7, jua likiwa chini sana, kama nyuzi 12 tu juu ya upeo wa macho. Mtoto aliyeyapima haya kwa mkono wake mwaka mzima hujua trigonometria ina kazi gani, na hujua kwa nini wakati wa sala wa babu yake Lamu si kama wa nyumba yake.

Kwa umeme, nunueni betri za volti 1.5, taa ndogo, waya, na kipima umeme cha bei rahisi. Nyumba nne zaweza kushirikiana kununua kimoja. Umeme wa ukutani usiguswe katika jaribio lolote. Na jua lisitazamwe kamwe kwa lenzi wala kwa darubini, kwani huharibu macho papo hapo. Kila jaribio liandikwe katika daftari: kusudio, vyombo, vipimo, grafu, na makosa yaliyowezekana. Daftari hilo mlihifadhi. Huenda Chuo Kikuu kikaliuliza.

NANI ATAKUWA MWALIMU?

Mzazi si lazima awe mjuzi wa fizikia. Kazi yake ni kuweka saa, kuhakikisha maswali yamefanywa, na kutambua mtoto alipokwama. Saa nne au tano kwa juma zatosha kwa International GCSE ya miaka miwili, zikiwa ni za kila juma bila kukatika. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa yale magumu, atafutwe kijana wa ukoo au wa msikitini anayesoma uhandisi, ampe mtoto saa moja kila Jumamosi. Hiyo ni sadaka ya elimu, na kijana mwenyewe hufaidika. Chuo cha Qur'ani chenye chumba kitupu jioni chaweza kuwakusanya watoto sita au saba wafanye majaribio pamoja, mabinti na wavulana kila kundi kwa siku yake, wakitumia vyombo vile vile.

Jihadharini na filamu za mafunzo. Mtoto aweza kutazama mwalimu hodari kwa saa tatu, akacheka, akaona kila kitu ni wazi, kisha akapewa swali moja asijue aanzie wapi. Kanuni iwe hii: dakika kumi za kutazama, kisha chombo kizimwe, na dakika thelathini za kalamu na karatasi. Asipoweza kufanya swali, hajalijua somo, hata kama amelielewa alipolisikia.

Wala msimlinganishe na ndugu yake. Mwingine atamaliza kwa miezi kumi na minane, mwingine kwa miaka mitatu, na mtihani haukuuliza ulianza lini.

Nanyi vijana, hasa mabinti, msingoje kuambiwa. Mwenye hamu ya elimu hii na amwendee baba au mama, amwambie waziwazi, "Nataka kuisoma fizikia, na huu ndio mtihani, hiki ndicho kitabu, na kituo ni kile." Mzazi akiona mwanawe amekwisha kuifanya kazi ya kuuliza, moyo wake hulainika. Na nyinyi wazee, mtoto akija na maneno hayo, msimrudishe kwa sababu ya hofu yenu wenyewe ya zamani. Kaeni naye usiku huo huo, mfungue muhtasari wa mtihani, na mhesabu miezi iliyobaki.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu, na atuwafikishe kuitumia katika kheri. Amin.